Majivu ya Mtani

Kama unasoma haya ukiwa umekaa upande mmoja wa tako, umetandika kitambaa chini, na umechagua kiti cha karibu na mlango, basi ni wewe ninayekuandikia. Wengine wakisoma si neno, ila wasicheke.

Mimi si mwandishi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni hapa kijijini, na mwalimu alituambia tuandike kila siku hata mstari mmoja ili mkono usisahau. Ndivyo nilivyoanza kuandika habari za mwili wangu. Nikizisoma sasa naona mahali pengi nilikuwa na hasira kuliko akili. Nimejaribu kurekebisha. Hasira haikupungua sana, lakini uongo nadhani nimeutoa.

Watu huniita Mama Zaina. Zaina ni mtoto wangu wa kwanza na wa mwisho. Alizaliwa mwaka ule tuliohamia kijijini, huku upande wa Misima. Uchungu ulinianza tukiwa bado kwetu kwa zamani, paa limeshaezuliwa, tunangoja lori. Jua likazama, likachomoza, mtoto amekwama. Alipotoka alitoka kwa nguvu, nami nikachanika mpaka nyuma. Mkunga aliyenizalisha nilimlaani muda mrefu. Lakini Zaina alitoka hai, na mimi ni hai, kwa hiyo siwezi kumwandika vibaya. Niandike tu kwamba hakunishona, wala hakuniambia kuwa kuna kitu cha kushonwa. Pengine hakujua.

Lori lilipokuja nilipandishwa na mtoto kifuani, katikati ya magunia na kuku. Humo ndimo nilimojua kwanza. Nilidhani ni damu ya uzazi. Haikuwa damu.

Kule kwetu kwa zamani jirani yako alikuwa ni mlio wa shoka tu. Huku kijijini nyumba zilipangwa mstari, ukikohoa wanakupa pole nyumba ya kulia na ya kushoto. Na mimi kukohoa ndiko kulikuwa adui yangu. Kukohoa, kucheka, kuinua ndoo, kuinama na jembe. Choo kilikuwa kinatoka bila kuniuliza. Wakati mwingine nilijua kabla, nikakimbia, nisifike. Wakati mwingine nilijua baada, kwa nzi. Mwaka ule wa njaa tulipokula unga wa njano wa msaada, kila mtu aliharisha. Wenzangu walilalamika, mimi niliharibikiwa kabisa.

Nilichana kanga kuukuu vipande, nikawa nafua korongoni kabla wanawake hawajafika kisimani. Nikaanza kula kidogo, kisha kidogo zaidi, kwa kufikiri kwamba kisichoingia hakitatoka. Nikakonda. Shamba la ujamaa nikaacha kwenda. Balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza.

"Bwana Salimu, mkeo tunamwona nyumbani tu. Kulikoni?"

"Ana tumbo," mume wangu akajibu.

"Tumbo la misimu miwili?"

"Ndiyo, mzee. La misimu miwili."

Balozi akaondoka akitikisa kichwa. Alikuwa anafanya kazi yake. Lakini kutoka siku ile nikaitwa mvivu, na nilifurahi, maana mvivu ni jina safi.

Nimweleze Salimu kwa haki. Hakunitukana hata siku moja. Alihamisha mkeka wake tu, akaenda kulala chumba cha mbele, akasema ni kwa sababu ya joto. Ulikuwa mwezi wa Juni. Nililia mpaka nikachoka. Lakini ni Salimu huyo huyo aliyekuwa akinichotea maji, mwanamume na ndoo mkononi, na wenzake wakimpigia miluzi njiani. Yote mawili aliyafanya. Sijui nianze kuandika lipi na nimalize na lipi.

Sala pia nilikuwa nimeacha. Nitatawadhaje, na udhu haudumu hata muda wa kutandika msala? Salimu akamuuliza mwalimu wa madrasa, bila kunitaja, akarudi na jibu: mwenye udhuru atawadhe kila wakati wa sala unapoingia, ajifunge kitambaa, asali, kitakachotoka humo hakihesabiwi juu yake. Nilisali adhuhuri siku ile ile. Kama umeacha sala kwa ugonjwa huu, rudi. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza niliyopata, na haikuwa na kidonge.

Sasa nifike kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni Mnyamwezi. Mumewe alikata mkonge miaka mingi kwenye shamba moja la Korogwe, halafu wakapewa kiwanja kijijini kwetu, mstari wa nyuma yetu. Ni mama wa mapacha, Kulwa na Doto. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Alivaa kaniki nyeusi siku zote, na kwenye shughuli hakukaa mkekani na wenzake. Aligeuza kinu akakaa juu yake peke yake. Tulisema ana maringo.

Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Kwenye msiba wetu wao wana ruhusa ya kutucheza shere watakavyo, na kwenye msiba wao sisi hivyo hivyo, mpaka waliofiwa wapate kucheka. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha wewe.

Baba mkwe wangu akafa. Uani watu wamejaa, wanawake wanapika, mimi napeleka maji kwa wapishi. Nikasikia kicheko kinaanza nyuma yangu. Nikadhani wanamcheka mtu mwingine. Kikaongezeka. Nikageuka.

Mama Kulwa alikuwa ananifuata kwa kunyata, amebeba kigae cha majivu. Kila nilipokanyaga alinyunyiza majivu, kama mama anayefukia uchafu wa mtoto.

"Jamani, tazameni miguu yenu! Mzigua amepita hapa!" Kisha akaniambia mimi, kwa upole wa uongo: "Nenda tu, mtani, usigeuke. Wewe dondosha, mimi nafukia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Shangazi zake Salimu wakajishika mbavu. Ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa wanajua. Tumbo, uvivu, yote yale niliyodhani nimefunika, yalikuwa wazi kama nyumba yetu siku ile ya kungoja lori.

Na mimi nikacheka. Ningefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Nikacheka kwa nguvu ili waone sijali, na kucheka kule ndiko kulikofungua. Nilihisi inashuka mguuni.

Mama Kulwa akatazama chini. Akamwaga kigae kizima miguuni pangu, akakanyaga juu yake, akapiga vigelegele.

Kutoka siku hiyo jina langu likawa Mama Majivu. Na chakula changu hakikuliwa tena na mtu. Nikipeleka sahani kwenye shughuli, inarudi kama ilivyokwenda, na kawa juu yake.

Nitasema jambo ambalo labda si zuri kuliandika. Kilichonipeleka hospitali si hekima. Ni kisasi. Aibu ilikuwa imenifungia nyumbani. Kisasi kikafungua mlango. Niliwaza hivi: na kwao kutakuwa na msiba siku moja. Nami siku hiyo nataka nisimame mbele yake nikiwa mkavu. Kama wewe huna adui, tafuta sababu nyingine, lakini nenda. Usikae miaka kama mimi.

Bwana mganga wa zahanati yetu alinipa vidonge vya kuzuia kuhara, vikasaidia kidogo, kisha akasema kwa uwazi kwamba zaidi ya hapo hawezi, niende Korogwe. Safari sitaiandika. Mwenye ugonjwa huu anajua, asiye nao hatasadiki.

Nilifikia kwa shangazi yangu, Korogwe ya zamani karibu na mto. Hospitalini kulikuwa na benchi refu, na foleni yake ilikuwa ya kusogea: wa mbele akiingia, wote mnajiburuza makalio mbele. Fikiria mimi kwenye benchi hilo. Kila tulipoburuza nilitazama nyuma kuona nimeacha nini. Mama mmoja wa Magoma, aliyekaa nyuma yangu, akaniinamia.

"Na wewe ni wa kule nyuma?"

Nikajifanya sijasikia.

"Mimi ni wa kule nyuma," akasema. "Nimeshashonwa, nimekuja kukaguliwa. Usitazame tazame, dada. Nipo mimi, nikiona kitu nitakwambia."

Mpaka leo sijui jina lake. Alinilinda mgongo asubuhi nzima.

Daktari alivaa mpira mkononi, akaniambia nilale ubavu.

"Bana."

"Nimebana."

"Hujabana. Bana."

"Daktari, hapa ndipo ninapobana."

Sista aliyenishika mkono akasema, "Mama, bana kama unazuia upepo mbele ya baba mkwe."

"Ndiyo hiyo niliyoshindwa, sista. Na mkwe mwenyewe ameshakufa."

Daktari akacheka, nami sikuchukia, maana alicheka akiwa anafanya kazi. Akaniambia msuli unaofunga nyuma umekatika upande mmoja, unaweza kuungwa, lakini si kwa mwili uliokonda vile. Nirudi nikale. Na kila siku nibane msuli uliobaki, nishike, niachie, hata kama naona haufanyi kitu.

Nilikula msimu mzima wa kiangazi kama niliyeajiriwa kula. Na nilibana: nikipalilia nabana, nikitwanga nabana. Sista alisema wengine huhesabu namba. Mimi nilikuwa nahesabu kwa jina lake. Ma-ma-Kul-wa, naachia. Ma-ma-Kul-wa, naachia. Hakuna mtu aliyewahi kutajwa sana namna hiyo bila kujua.

Masika walinipasua. Baada ya hapo ni uji, supu, papai, na beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu ambalo nililikalia kama kuku anayeatamia. Choo cha kwanza baada ya kushonwa nilikiogopa kuliko kuzaa. Sista alisimama nje ya mlango wa choo akisema, "Usisukume, mama. Kiache kije chenyewe." Kilikuja chenyewe. Nililia, naye akapiga makofi huko nje.

Sitaficha: mshono ulifumuka kidogo mwishoni. Nikakaa kwa shangazi muda zaidi ya niliotegemea, nikinawa na kungoja, mto umejaa na kupungua, nikiamini nimerudi mwanzo. Nilimtukana daktari moyoni. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa imeshika. Sista aliniambia kabla sijaondoka: "Hutarudi kuwa msichana, mama. Utarudi kuwa mtu wa kutoka nyumbani." Akanifundisha nikae chooni kila asubuhi baada ya chai ya moto, nitake nisitake, ili tumbo lijue saa yake. Kunde na pilipili nikae navyo mbali. Nafuata mpaka leo. Upepo bado una kiburi, na nikiharisha bado najifunga kitambaa. Lakini nacheka, na ninapocheka ninacheka tu.

Salimu akarudisha mkeka. Akasema ni kwa sababu ya baridi. Ulikuwa mwezi wa Februari. Nilimwacha na baridi yake.

Sikumwombea mtu kufa. Hilo naliapia. Lakini niliposikia mama mkwe wa Mama Kulwa amezidiwa, nilifua kanga yangu nyeupe.

Wao ni Wakristo. Bibi alipofariki waliweka uani benchi, wakalitandika shuka jeupe, ili sanduku likitolewa ndani liwekwe hapo watu waage. Kabla halijatoka nikapita katikati ya waombolezaji na chungu changu kichwani, nimevaa nyeupe tupu, nikaenda nikakaa juu ya lile shuka.

"Maiti haitoki!" nikasema. "Mzigua amekaa!"

Watu wakaanza kucheka, wakajua utani umeingia. Mtu akasema, "Mama Majivu huyo, jamani!" Kicheko kikabadilika. Wakawa wanalitazama shuka.

Nikakaa. Wakanibembeleza, nikakaa. Kaka zake marehemu wakaleta fidia kama ilivyo desturi, nikaisukuma kwa mguu. Na hapo, katikati ya macho yote yale, tumbo likanguruma. Nikahisi inakuja. Si upepo. Jasho likanitoka mgongoni. Ningeweza kuinuka, nikaona: nikiinuka sasa nitakuwa Mama Majivu mpaka kaburini. Nikabana. Ma-ma-Kul-wa. Nikamtazama yeye mwenyewe, amekaa juu ya kinu na kaniki yake, naye ananitazama, hacheki. Nikashika. Ikasogea, ikasimama, ikarudi ilikotoka. Hakuna aliyejua vita vile isipokuwa mimi, na, kama nilivyokuja kufahamu, mtu mwingine mmoja.

Nikasimama. Nikavuta shuka nikalinyanyua juu kwa mikono miwili.

"Kagueni!"

Wakasogea kutazama. Jeupe kama lilivyotandikwa.

"Sasa fidia yangu," nikasema, nikafunua chungu. Ugali wa muhogo na mchicha, nimeupika mwenyewe. "Mama Kulwa aje ale. Kwa mkono wangu. Asipokula, bibi analala ndani."

Watu wakamgeukia. Akainuka polepole, akaja, akafungua mdomo. Nikamlisha tonge mbele ya kijiji kizima, na la pili, na la tatu, mpaka machozi yakamtoka. Wakapiga vigelegele. Wengine wakaja wenyewe wakimega. Chungu kikaisha.

Nilidhani nitashiba mimi. Nilishiba, sitasema uongo. Nililala usingizi mzuri.

Mazishi yalipopita, mchana mmoja wanaume wako shambani, alikuja jikoni kwangu.

"Hodi, mtani."

"Karibu."

Akageuza kinu changu, akakaa. "Ulikwenda wapi?"

"Wapi lini?" Nilielewa. Nilitaka aseme.

"Usinitese, Mama Zaina."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu yale majivu. Akainua upindo wa kaniki, akanionyesha kitambaa alichojifunga. Kilikuwa kimekunjwa kama mfuko, ndani yake majivu.

"Yananywa maji," akasema. "Na harufu. Tangu mapacha."

Kulwa na Doto walikuwa wameshaota ndevu. Nikakitazama kinu. Nikaitazama kaniki.

"Siku ile," akasema, "nilikuona umechafuka kabla hujashtuka. Nikamwaga kigae kizima nikufiche. Hakuna aliyeona."

"Na ulivyokuwa unanifuata unapiga kelele, ulikuwa unanificha?"

Akashusha upindo wa kaniki. Halafu akasema, "Hapana. Pale nilikuwa natania. Wakikucheka wewe, hawaninusi mimi."

Hilo la mwisho ndilo nililoamini. Na lile la kwanza nimelipima mara nyingi, na haki inanilazimisha niandike kuwa huenda nalo ni kweli. Maana ni kweli hakuna aliyewahi kuniambia kwamba aliniona mguu umechafuka.

Nikamweleza yote: zahanati, benchi, beseni, kubana. Nilimweleza kwa ukali kama mtu anayetukana. Hakupitwa na neno. Mwisho akasema anaogopa kwenda peke yake, nikasema nitampeleka.

Habari za matibabu yake ni zake, ataandika mwenyewe akitaka, kisomo tumesoma pamoja. Sehemu hii nimemsomea kwanza. Amesema, "Andika, mtani. Lakini andika na hili, kwamba ugali wenyewe ulikuwa mbichi." Nimeandika. Ninachoweza kuongeza ni kwamba siku hizi anakaa mkekani. Kumsamehe, kila nikijipekua naona bado. Labda wewe utakuwa mwepesi kuliko mimi.

Asubuhi ya kwenda Korogwe njia ilikuwa nyembamba, na umande. Akasimama pembeni kunipisha.

"Tangulia, mtani."

"Hapana," nikasema. "Leo tangulia wewe."

Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeikunja ndani ya kanga. Akatangulia, nami nikamfuata nyuma, taratibu, nikikanyaga alipokanyaga. Kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kuona nimebeba nini.

Sikuwa nimebeba kitu. Lakini mpaka tunafika barabarani sikumwonyesha.